Daktari wa wilaya Lindi: naingiaje kwenye utafiti wa maambukizi na kinga ya mwili?

Kusi_Baharini (Lindi)

Wakuu, heshima kwenu. Nina MD (shahada ya udaktari), intern nimemaliza, leseni ya Baraza la Madaktari ninayo, na huu ni mwaka wa pili niko hospitali ya wilaya. Nataka kuwa daktari mtafiti, yaani mtu anayeona wagonjwa na papo hapo ana swali lake la maabara, hasa upande wa kinga dhidi ya maambukizi. Wodi sitaki kuiacha.

1. Nianze na MMed (uzamili wa ubingwa), au niende moja kwa moja kwenye uzamili wa sayansi kisha PhD?
2. Huku tuliko, mbali na maabara kubwa, ni kazi gani ya kinga inayofanyika kweli?
3. Vibali vinaanzia wapi?
4. Pesa.

Wa "hamia Dar kwanza" nimeshawasikia. Naomba wanaojua hatua zenyewe. Nawasilisha.

---

Dkt_MnaziMmoja (Mtwara)

Daktari, tuanze na hesabu. MD miaka 5, intern 1, MMed 3, PhD 3 hadi 4. Hapo bado hujahesabu miaka ya kufanya kazi chini ya mtafiti mkubwa kabla hujawa na kundi lako. Umeshamaliza 6, zimebaki si chini ya 6 au 7. Ukipanga maisha yako kana kwamba ni 3, utakwama katikati.

MMed au la? Inategemea swali lako linaanzia wapi. Kama linaanzia kitandani (kwa nini huyu kapona na wa jirani yake kafa kwa ugonjwa uleule), chukua MMed ya magonjwa ya ndani au ya watoto. Bingwa ndiye mwenye wodi: anaamua nani analazwa, nani anapimwa nini, na faili linaandikwaje. Kama swali lako linaanzia ndani ya seli, MMed itakupa miaka 3 ya zamu za usiku, na utatoka na mikono isiyowahi kushika pipeti. Hapo uzamili wa mikrobiolojia au kinga una faida zaidi.

Kuna njia ya kati ambayo wengi wanaipoteza: tasnifu ya MMed. Kila mwaka zinaandikwa zilezile, "kiwango cha ugonjwa fulani na mambo yanayohusiana nao katika hospitali fulani", madodoso 200, kisha kabatini. Madodoso yaleyale 200 yakiambatana na seramu iliyohifadhiwa vizuri tayari ni msingi wa PhD. Kinachoongezeka ni vichupa, nafasi kwenye friza na aya moja kwenye fomu ya ridhaa.

Na usidharau eneo ulilopo. Chikungunya ilielezwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 huku kwetu, uwanda wa Makonde, Newala. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kwa maana ya kujikunja. Angalia kazi ilivyogawanyika: Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, Lumsden akafuatilia mlipuko wenyewe na mbu, Ross akatenga kirusi. Aliyeandika dalili hakuwa na maabara ya virusi, lakini bila maelezo yake makini wa maabara asingejua anatafuta nini. Mfano mwingine ni Gambia, 1961. Cohen na McGregor walichukua kingamwili za watu wazima waliozoea malaria wakawapa watoto wagonjwa, vimelea vikashuka. Swali lilikuwa la daktari yeyote wa huku: mbona watu wazima hawazidiwi kama watoto?

Kwa hiyo la kwanza ni kulibana swali. "Nataka kuchunguza homa" si swali. Hili ni swali: "Kati ya watu wazima waliolazwa na homa na kipimo cha malaria hakioni kitu, wangapi kingamwili zao dhidi ya leptospira (bakteria wa homa ya mgunda) zinapanda mara 4 au zaidi kati ya siku ya kulazwa na siku ya 21?" Lina watu, kipimo, siku na kizingiti. Na lina maana hapa: Julai 2022 homa ya mgunda ilitangazwa Ruangwa, wagonjwa 20 na vifo 3, baada ya vipimo vya Ebola na Marburg kutoonyesha kitu.

Idadi ya watu: ukitarajia asilimia 10 na unataka usahihi wa asilimia 5 juu na chini, ni 1.96² × 0.1 × 0.9 ÷ 0.05², yaani 139. Ukikadiria kwamba asilimia 30 hawatarudi kwa damu ya pili, gawa kwa 0.7, unapata 199. Anayekwambia "chukua 50, zinatosha" muulize zinatosha kwa nini.

Mwisho, muda. Omba siku moja kwa wiki ya utafiti, kwa barua, ipitiwe na mganga mfawidhi. Siku ya makubaliano ya mdomo ndiyo siku utakayoitwa kwenye upasuaji wa uzazi. Na kwa mtumishi wa umma: uwe umethibitishwa kazini na jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla ya kuomba chuo, maana ruhusa ya masomo inafuata mpango ule.

---

Sentrifuji

Swali la 2 nalichukua mimi. Umbali unaua seli hai tu, si kila sampuli. Kingamwili ni protini ngumu: seramu ukiitenga siku ileile na kuigandisha, itakusubiri. Seli T hazimsubiri mtu.

Rahisi kuliko zote ni tone la damu kwenye karatasi ya kuchujia, Whatman 903. Mikrolita 50 kwa kila duara, lijae lote, usirudie tone juu ya tone. Adui wa pwani ni unyevu. Karatasi ikauke ikiwa imelazwa, zisigusane, usiku kucha, mbali na jua, nzi na sisimizi (sisimizi wanakula duara zima, si utani). Ndipo iingie mfuko wa zipu pamoja na pakiti za silica na kadi ya kuonyesha unyevu. Ukiifunga ingali mbichi inaota kuvu, na ukija kutoa kingamwili hupati kitu cha kuaminika. Karatasi hizi zinakufaa kwa kingamwili na kwa PCR (kipimo cha vinasaba vya kimelea). Kwa seli hazifai kabisa.

Seramu: acha damu igande dakika 30 hadi 60, zungusha 1,000 hadi 1,300 g (nguvu ya mzunguko, si gramu) dakika 10. Mililita 5 za damu hutoa kama 2 za seramu. Usiiweke yote kwenye kichupa kimoja! Gawa vichupa vya mikrolita 250, kwa sababu kila ukiyeyusha na kugandisha upya unaharibu, na baada ya miaka 3 utataka kupima kitu ambacho leo hukijui. Lebo iwe ya friza. Maandishi ya kalamu ya kawaida yanafutika ukipitisha spiriti mara moja. Na friza ya nyumbani ile "isiyoota barafu" achana nayo: inajipasha joto yenyewe kila mara ili kuyeyusha barafu, na sampuli yako inapanda na kushuka nayo.

Kama unataka kuona seli zikifanya kazi bila kuzitenga, chochea damu nzima. QuantiFERON ya TB inafanya hivyo: mililita 1 kwa kila mrija (0.8 hadi 1.2 ndiyo mipaka), tikisa mara 10 damu ipake ukuta wote wa ndani kwa sababu antijeni zimepakwa pale, kisha inkubeta 37°C kwa saa 16 hadi 24. Baada ya hapo unazungusha, unachukua plazma, na unapima intaferoni-gama (protini ambayo seli hutoa zikiamshwa) baadaye. Wanaotikisa kidogo wanapata majibu ya chini ya uongo, na wanaotikisa kwa hasira wanaharibu jeli. Umeme ukikatika usiku inkubeta inapoa, asubuhi mrija wa kichochezi cha jumla (unaopaswa kujibu kwa kila mtu) haujibu, na huwezi kujua kama mgonjwa kinga yake iko chini au ni inkubeta. Ndiyo maana kila siku unaweka damu ya mtu mmoja mzima wa afya pembeni. Akigoma na yeye, kosa ni lako.

Ngazi ya juu ni kutenga seli nyeupe kwa Ficoll (kimiminika kizito kinachozitenga) na kuzigandisha. Damu iwe kwenye mrija wa heparini, joto la chumba, kamwe isiwe kwenye barafu, na ianze kushughulikiwa ndani ya saa 8. Ichanganye na PBS (maji ya chumvi ya maabara) nusu kwa nusu. Weka Ficoll mililita 15 chini kwenye mrija wa 50, kisha mwaga damu juu yake polepole kwa kuinamisha mrija, isichanganyike. 400 g, dakika 30, nyuzi 20, breki imezimwa. Ikisimama utaona ukungu mwembamba mweupe kati ya plazma ya njano na Ficoll. Ndizo seli zako. Breki ikiwa imewashwa ukungu unasambaratika na unakosa kila kitu. Damu ikiwa ya baridi au imelala usiku kucha, chembe nyeupe nyingine zinabadilika uzito, zinapanda kwenye ukungu na kukuharibia majibu.

Osha mara 2, hesabu kwa bluu ya tripani (rangi inayoingia seli zilizokufa tu). Tegemea kama milioni 1 kwa kila mililita ya damu. Gandisha milioni 5 hadi 10 kwa kichupa, kwenye seramu ya ndama asilimia 90 na DMSO (kinga ya seli dhidi ya barafu) asilimia 10. DMSO ni sumu kwa seli zikiwa na joto, kwa hiyo ukishaiweka fanya haraka: chombo cha kushusha nyuzi 1 kwa dakika, −80 usiku mmoja, kisha nitrojeni baada ya siku chache. Kuziacha −80 miezi mitatu ni kuzika maiti.

Sasa piga hesabu ya basi. Lindi hadi Dar ni kama kilomita 450, Mtwara kama 560. Damu ya saa 2 asubuhi inafika jioni, saa 8 zimekwisha na maabara imefungwa. Ama utenge hapohapo, ama upande ndege ya Mtwara. Na nitrojeni inapungua kila siku hata usipofungua tangi. Kama hakuna aliyepewa jukumu la kulijaza, usianze.

---

Kusi_Baharini

Sentrifuji, asante sana, hii nimeiprinti. Mawili: mashine yetu inaonyesha rpm tu, hakuna g. Na mirija tuliyonayo ni ya zambarau, ya kijani hakuna. Inafaa?

---

Sentrifuji

Pima kwa rula kutoka katikati ya ekseli hadi chini ya mrija ukiwa umelala kama unavyokuwa unapozunguka. Fomula: g = 0.00001118 × sentimita × rpm × rpm. Ukipata sentimita 17, 400 g ni kama 1,450 rpm. Ukipata 10, ni kama 1,890. Kwa hiyo ukinakili rpm za maabara nyingine bila kupima mkono wa mashine yako, umeshakosea.

Zambarau ni EDTA. Inafaa kutenga seli kwa Ficoll, inafaa kwa PCR. Kuchochea damu nzima haifai, kwa sababu EDTA inashika kalsiamu na seli haziamki bila kalsiamu. Ya kijani ni kinyume chake: nzuri kwa kuchochea, mbaya kwa PCR kwa sababu heparini inazuia kimeng'enya. Mgonjwa mmoja, mirija miwili.

Kwa swali lile la leptospira: wiki ya kwanza kipimo chako ni PCR ya damu, kuanzia wiki ya pili mkojo. Ukitaka kuotesha, chukua damu kabla ya antibayotiki, na weka tone 1 au 2 tu kwenye mililita 5 za EMJH (chakula cha kuoteshea leptospira). Wageni wanamimina mililita nzima wakidhani wingi ni bora, kumbe damu yenyewe inazuia bakteria kuota.

---

Bi_Vibali

Swali la 3, kwa mpangilio, maana wengi wanaanzia kwa mkuu wa kituo wakidhani inatosha.

Kwanza andiko la utafiti, kisha kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako, kisha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) ngazi ya taifa. Ukiwa na cheti chao unakwenda TAMISEMI na Katibu Tawala wa Mkoa, halafu mkurugenzi wa halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mfawidhi, na mwisho mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Kibali kina mwaka, kinahuishwa kwa ripoti. Mshirika wa nje anahitaji kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Sampuli ikitoka nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli unasainiwa kabla haijatoka. Ukijaribu dawa au chanjo, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) nao wanaingia.

Kinachorudisha maandiko nyuma mara nyingi ni fomu ya ridhaa. Inaandikwa Kiingereza, inatafsiriwa na mtu wa ofisini, inatoka "utashiriki katika uchunguzi wa mwitikio wa kinga-seli". Andika kwanza kwa Kiswahili. Sema damu ni vijiko viwili vya chai (mililita 10), itakaa wapi, miaka mingapi, na kama sehemu itasafirishwa. Usipotaja hifadhi na matumizi ya baadaye, vile vichupa vya seramu vya Sentrifuji haviruhusiwi kuguswa kwa swali jipya.

Watoto: mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800. Asilimia 1 ni mililita 8. Ukikumbuka milioni 1 kwa mililita, hapo una kichupa kimoja cha seli, na kama ana upungufu wa damu chukua pungufu zaidi au usichukue.

Vijijini habari za mumiani bado zipo, hasa timu ikija na gari lisilojulikana na kuondoka na mabomba ya damu kabla ya saa 3 asubuhi. Mkutano wa hadhara kwanza, waonyeshwe mrija mtupu, waushike. Na ratiba: kuanzia Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye korosho. Mliyemtoa damu ya kwanza Oktoba, siku ya 21 yuko shambani Nanyumbu na simu imezima. Hiyo asilimia 30 ya Dkt_MnaziMmoja msimu huo ni ndogo. Andika namba za simu za watu wawili wa karibu, na kitongoji cha shamba, si cha nyumba tu.

---

Gulioni_Masasi

Dkt_MnaziMmoja nakuheshimu, ila kwenye MMed sikubaliani nawe moja kwa moja. Aliyemaliza MMed anarudi kuwa bingwa pekee wa mkoa, na bingwa pekee hana siku moja kwa wiki hata kwa barua. Kwa anayetaka maabara kweli, bora uzamili wa sayansi akiwa bado kijana.

Pesa: anza na kidogo. Ruzuku ya chuo ya wanafunzi, kisha ufadhili wa PhD kupitia mradi wa mtu mkubwa, kisha ndipo wafadhili wakubwa wa Ulaya kama EDCTP au Wellcome kwa jina lako. Usiegemee mfuko mmoja wa nchi moja. 2025 waliokuwa wanategemea Marekani peke yake waliona fedha zilipokatwa. Kwenye bajeti watu wanakumbuka vitendanishi wanasahau nauli ya mshiriki kurudi siku ya 21, mafuta ya jenereta, vocha, na matengenezo ya friza. Hivyo vinne ndivyo vinavyoua mradi.

---

Dkt_MnaziMmoja

Gulioni, la bingwa pekee ni kweli, nalikubali. Basi asiende peke yake: wawili wakirudi mkoa mmoja, zamu zinagawanyika.

Kusi_Baharini, tahadhari moja ambayo haijatajwa. Wataalamu wa nje na wa Dar watakupenda sana wakijua una wodi. Ukikubali kienyeji utageuka mkusanya damu, na jina lako litakuwa la 14 kwenye makala. Kabla ya mrija wa kwanza yaandikwe manne: sampuli za ziada zinabaki wapi, nani anachambua takwimu, nani mwandishi wa kwanza wa makala ya kwanza, na nani kutoka kwako atakwenda kujifunza kipimo chenyewe. Hilo la nne ndilo lenye thamani kuliko posho.

Na wakati wa kupima, usikubali sahani moja ya visima 96 ijazwe wagonjwa na nyingine wazima wa afya. Tofauti ya sahani itaonekana kama tofauti ya ugonjwa. Changanya. Ukipima saitokaini (protini za mawasiliano ya kinga) 20 kwa kizingiti cha 0.05, tegemea moja itajitokeza kwa bahati tu. Taja mapema ni ipi unayoitafuta.

Ukisubiri vibali anza na rejista ya wodi, maana ile ni huduma ya kawaida, ukiiboresha hukosei. Ongeza safu moja ambayo haipo: siku ya ngapi ya homa alipotolewa damu. Hesabu tangu homa ilipoanza nyumbani, siyo tangu alipolazwa. Muulize ndugu aliyemleta, "homa ilianza kabla au baada ya Ijumaa?", kwa sababu mgonjwa mwenyewe atakwambia "juzi". IgM (kingamwili za mwanzo) ya chikungunya siku ya 2 haionekani na siku ya 7 ipo. Bila safu hiyo, majibu hayo mawili huwezi kuyatofautisha.